Weupe wa Jiwe Usitudanganye

Mwanafunzi wa sekondari wa Masasi au Newala akiulizwa katika mtihani ataje madini manne yapatikanayo Tanzania, hutaja dhahabu, almasi, tanzanaiti na makaa ya mawe, hupewa alama zake zote, na mambo huishia hapo. Hatumwulizi madini hayo hukaaje ardhini, hutambuliwaje yakiwa mkononi mwa mtu asiye na maabara, wala ni jiwe lipi kati ya mawe ya nchi yetu liwezalo kumdhuru mtoto anayelichezea. Elimu ya namna hiyo ni elimu ya orodha. Nchi ambayo vijana wake kwa maelfu wanaishi kwa sululu na karai haiwezi kuridhika nayo.

Leo nataka tulizungumze jiwe moja tu. Ni kaboneti ya risasi, ambayo wataalamu wa miamba huiita serusaiti, pamoja na nduguye mmoja adimu sana aitwaye fosijenaiti. Mawe haya hayamo katika orodha ya mtihani, na sonara wa mjini hawezi kuyageuza pete kwa kuwa ni laini mno. Lakini yana habari ambayo mwalimu na mtumishi wa serikali wanapaswa kuijua, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa na wananchi siku yatakapotokea.

Nianze na jina, maana nalo lina matatizo yake. Kiswahili kinatumia neno risasi kwa metali na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na maana hizo mbili zimekaa pamoja kwa sababu metali hiyo ndiyo iliyotengenezewa kitu hicho. Matokeo yake ni kwamba bwana afya akisimama katika mkutano wa kijiji na kutangaza kuwa vumbi la mahali fulani lina risasi, nusu ya mkutano itamtazama kwa mshangao na nusu nyingine itatafuta polisi walipo. Hana budi kueleza kwamba asemayo ni ile metali nzito, ya kijivu, iliyomo ndani ya betri za magari, ile ambayo wavuvi wa Mikindani huifunga kwenye mshipi kama chubwi ili ndoano izame.

Metali hiyo haipatikani ardhini ikiwa safi ila kwa nadra sana. Kwa kawaida huwa imeungana na salfa, na jiwe lake huitwa galena. Galena haimpotezi mtu: ni ya kijivu, inang'aa kama bati jipya, ni nzito, na ikipasuka hupasuka katika vipande vya miraba kama sukari ya mawe. Asilimia 86 na zaidi ya uzito wake ni risasi tupu. Mchimbaji akiiona hujua mara moja kwamba ameshika kitu cha chuma, si mchanga.

Serusaiti ni kinyume chake. Ni nyeupe, au ya kijivu hafifu, au haina rangi kabisa kama kioo, na pengine ina ukijani pale ambapo kuna shaba karibu. Fuwele zake hujishikilia mapacha, mara nyingi tatu kwa pamoja, zikafanya umbo la nyota yenye ncha sita. Nyingine husukana kama wavu. Inapopigwa na mwanga hung'aa kwa namna ya almasi, na hata kuutawanya mwanga katika rangi zake huishinda almasi yenyewe. Lakini haiwezi kuwa kito cha kuvaliwa, kwa kuwa kisu cha kawaida huikwaruza bila taabu na ikidondoka huvunjika. Asilimia 77 na nusu ya uzito wake ni risasi. Yaani katika kila kilo nne za jiwe hili jeupe, linaloweza kufananishwa na chumvi au marumaru, zaidi ya kilo tatu ni metali ya sumu.

Jiwe hili huzaliwaje? Mwalimu wa Newala hana haja ya kutafuta mfano mbali. Uwanda wa juu wa Makonde ni wa mawe ya mchanga yaliyotandazwa katika zama ambazo wanajiolojia huziita Kretasi, na kila mzee wa huko anajua kwamba mvua ikinyesha maji hayakai juu. Huzama. Ndiyo maana akina mama wa uwandani kwa miaka mingi waliteremka makorongo na kupanda tena na mitungi kichwani, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde ukahitajika tangu miaka ya 1950. Maji hayo yanayozama si maji matupu. Huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na zaidi kutoka katika udongo wenye mizizi na majani yaliyooza, yakawa na uchachu kidogo. Basi maji ya namna hiyo, pamoja na oksijeni, yakiukuta mshipa wa galena, huanza kuula polepole. Salfa ya galena hugeuka salfeti, na kwanza hupatikana jiwe jingine jeupe liitwalo anglesaiti. Kisha ukaa uliomo katika maji huishika ile risasi, na serusaiti ikafanyika. Mara nyingi huonekana kipande chenye kiini cha galena ya kijivu, kikizungukwa na tabaka jeusi au la kijivu, na nje kabisa gamba jeupe.

Hapa kuna jambo ambalo naomba lisipitwe haraka. Kazi hiyo ya maji na hewa hufanyika karibu na uso wa ardhi. Chini, ambako maji yamejaa na hewa haifiki, galena hubaki galena. Kwa hiyo mgodi mkubwa wenye mashimo marefu huichimba zaidi galena, lakini mchimbaji mdogo, anayeanza juu kwa jembe na sululu, hukutana kwanza na lile gamba. Hukutana na risasi katika umbo lisilofanana nayo.

Tanzania tunayo historia ya risasi, ingawa haisimuliwi sana. Kule Mpanda, ambako sasa ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi pamoja na fedha, shaba na dhahabu katika miaka ya 1950. Kwa ajili ya mgodi huo serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilometa 210 porini, likafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Kilichotoka Mpanda kilikuwa ni mawe yaliyosagwa na kuchujwa, yaani makinikia, miongo kadhaa kabla ya wananchi wengi kulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, pale usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba ulipozuiwa.

Watu wa Masasi wataielewa habari hiyo kwa urahisi. Nao walipata reli iliyoletwa na mpango wa watu wengine: reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, ikiwa na tawi la kuja Masasi. Yao iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ya Mpanda ilisalia, na mji ukakua juu yake, na abiria anayeshuka stesheni leo akiwa na magunia yake ya mpunga huenda hajui kwamba njia anayosafiria ililazwa kwa ajili ya risasi. Sisemi haya ili kuomboleza. Nasema kwamba mgodi ulidumu miaka kama kumi hivi, ukaisha, na maarifa yake yakafungwa katika ripoti za Kiingereza. Katika eneo hilohilo la Mpanda leo wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, na dhahabu ya Mpanda ni ileile iliyokaa pamoja na galena. Kanuni ya maji na hewa niliyoieleza haibagui mkoa.

Niruhusiwe sasa kumtaja yule ndugu adimu. Fosijenaiti nayo ni kaboneti ya risasi, lakini yenye klorini ndani yake. Ni laini kuliko serusaiti, nzito karibu kama yenyewe, rangi yake nyeupe au ya manjano hafifu, na ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno katika giza hutoa mng'ao wa manjano. Jina lake limetokana na gesi ya fosijeni, ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, si kwa kuwa jiwe lina gesi hiyo, bali kwa kuwa vyote viwili vina kaboni, oksijeni na klorini. Ili ipatikane ni lazima risasi, ukaa na klorini vikutane mahali pamoja, na hilo ni nadra. Fuwele nzuri zimetoka Monteponi katika kisiwa cha Sardinia, na nyingine Derbyshire, Uingereza. Kule Laurion, Ugiriki, watu wa kale walitupa baharini mabaki ya tanuri zao za kuyeyushia madini ya fedha na risasi. Maji ya chumvi yakayafanyia kazi kwa karne nyingi, na fosijenaiti ikaota ndani ya takataka hizo.

Wamisri wa kale hawakungoja bahari. Wataalamu wa Ufaransa waliochunguza unga uliobaki katika vichupa vya wanja wa Kimisri vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre walitangaza mwaka 1999 kwamba ndani yake mlikuwa na galena, serusaiti, na pia fosijenaiti. Kwa kuwa fosijenaiti ni adimu mno kuokotwa kwa wingi uliotakiwa, walikata shauri kwamba mafundi wa Misri waliitengeneza wenyewe, karibu miaka 4,000 iliyopita, kwa kuchanganya oksidi ya risasi na chumvi na magadi katika maji na kubadili maji hayo siku hadi siku. Nani asemaye kemia ilianzia Ulaya?

Wanja haukubaki Misri. Pwani yetu kuna wanja wa manga, na desturi ya kumpaka mtoto mchanga wanja machoni ipo Zanzibar, ipo Mombasa, ipo Muscat kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili. Uchunguzi uliofanywa Oman katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba baadhi ya wanja uliokuwa ukiuzwa huko ulikuwa ni galena iliyosagwa. Wanja mwingine ni masizi tu na hauna madhara hayo. Mama anayenunua sokoni hana njia ya kuutofautisha kwa macho, na hapo ndipo ofisi za serikali zinapopaswa kumsaidia, kwa kupima na kutangaza kwa Kiswahili kilicho wazi.

Maana risasi haina kiasi kilicho salama. Hivyo ndivyo lisemavyo Shirika la Afya Duniani. Ikiingia mwilini huenda katika damu, kisha hukaa katika mifupa kwa miaka mingi, na kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaojengwa. Mwalimu atamwona mtoto huyo darasani: hashiki analofundishwa, hatulii, husahau. Atamwita mzito, pengine atamchapa, na hakuna hata mmoja atakayefikiri juu ya vumbi.

Hapa sasa tofauti kati ya jiwe la kijivu na jiwe jeupe inakuwa jambo la uhai. Galena ikimezwa huyeyuka kwa shida tumboni, na sehemu kubwa hupita. Kaboneti ya risasi huyeyuka kwa urahisi katika asidi ya tumbo, na risasi yake huingia mwilini kwa wingi zaidi. Mwaka 2010 dunia iliona maana ya jambo hilo katika Jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Wanavijiji walikuwa wakichimba dhahabu, wakaleta mawe nyumbani, wakayasaga kwa mashine za kusagia nafaka ndani ya nyua zao. Mawe yale yalikuwa na galena iliyogeuzwa kwa kiasi kikubwa kuwa kaboneti. Vumbi lilitua juu ya mikeka, katika vyungu, katika mikono ya watoto watambaao. Watoto zaidi ya 400 walikufa, wengi wao chini ya umri wa miaka mitano. Madaktari walipofika walikuta kwamba dawa peke yake haitoshi. Ilibidi udongo wa nyua uondolewe kwanza, kwani mtoto aliyetibiwa na kurudishwa katika vumbi lilelile angeugua tena.

Karibu zaidi nasi ni Kabwe, Zambia, mji ulio kusini kidogo mwa Kapiri Mposhi inakoishia reli ya TAZARA. Huko risasi na zinki zilichimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Tangu hapo watoto waliozaliwa baada ya kazi kusimama wameendelea kukutwa na risasi nyingi katika damu, kwa sababu malundo ya takataka yalibaki na upepo haukufungwa pamoja na mgodi. Mombasa nako, katika mtaa wa Owino Uhuru, hapakuwa na mgodi. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya Zamfara na Kabwe, na kwamba Lupaso hakuna risasi. Lupaso inajulikana kwa wengi kama kijiji alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020, na huyo ndiye ambaye wakati wa uongozi wake ilipitishwa Sheria ya Madini ya 1998 iliyofungua mlango wa migodi mikubwa. Ni kweli kwamba mtu akitoka hapo akaitazama milima ya Masasi ataona naisi, jiwe gumu la kale, na akipanda kwenda Newala atakanyaga mchanga. Jiwe jeupe aliokotalo njiani karibu daima ni gwe, yaani kwatzi, lisilo na thamani wala madhara. Lakini vijana wa Masasi hawachimbi Masasi. Wamekwenda Tunduru tangu vito vilipogunduliwa huko katika miaka ya 1990, wamekwenda kwenye dhahabu ya kaskazini na ya magharibi, na hurudi na mawe mifukoni ili mwalimu awaambie ni nini. Na betri kuukuu ziko kila gulio, pamoja na fundi anayeziyeyusha katika sufuria nyuma ya kibanda.

Hata bila mgodi wala betri, liko jambo la rangi. Rangi nyeupe ya mafuta ya zamani ilitengenezwa kwa kaboneti ya risasi, dada wa serusaiti aliyetengenezwa kiwandani. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba dhidi ya matumizi yake ndani ya majumba mwaka 1921, lakini nchi nyingi zilichelewa mno kufuata. Mkuu wa shule yenye milango ya zamani asiwaamuru wanafunzi kuiparuza kwa msasa mkavu siku ya usafi. Iloweshwe kwanza, na watoto wakae mbali.

Ninalolitaka si kubwa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma imerithi ramani na ripoti tangu enzi za mkoloni. Kila wilaya ipewe kijitabu kimoja cha Kiswahili kinachosema ni mawe gani yamo katika wilaya hiyo na ni yapi ya kuogopwa. Zahanati za maeneo ya machimbo ziwe na njia ya kupeleka damu ya watoto ikapimwe risasi, badala ya kuandika degedege na kufunga daftari. Na maofisa wa Tume ya Madini wanapokwenda machimboni kukagua leseni, waangalie pia mashine ya kusagia iko umbali gani na nyumba, na kama mawe yanasagwa yakiwa yamelowa au makavu.

Kwa upande wa walimu, kazi yaweza kuanza bila kungoja kijitabu. Chukua mizani ya ndoano, uzi na ndoo ya maji. Pima jiwe likiwa hewani, kisha likiwa limezama bila kugusa ndoo. Jiwe la gramu 1,000, likiwa ni kwatzi, litaonyesha majini gramu kama 620. Likiwa ni bariti, jiwe jingine jeupe zito, litaonyesha kama 780. Likiwa ni serusaiti litaonyesha kama 850. Mawe ya chuma nayo ni mazito, lakini si meupe, na kwatzi haikwaruzwi kwa kisu. Jiwe jeupe, laini kwa kisu, lililobakisha zaidi ya gramu 800 majini, lisipondwe wala kusagwa. Liwekwe katika kopo lenye kifuniko, mikono ioshwe kwa sabuni, maji ya ndoo yasimwagwe karibu na kisima, na kopo lipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi pamoja na karatasi yenye jina la mahali lilipookotwa.